Jaketi la pikipiki hujaribiwa umekaa

Julai mwaka jana nilitoka Dodoma saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda Singida, kilomita 240 hivi, nikiwa na jaketi la mtumba nililonunua elfu 35 wiki hiyo hiyo. Mbele ya kioo lilinikaa vizuri sana. Nilipoinamia usukani tu, likapanda. Nafika Bahi, upepo unaniingia kiunoni kwa nyuma. Manyoni nikashuka mgongo haunyooki. Ilibidi nijifunge kitenge kiunoni ndipo nimalize safari.

Usiku ule nililigeuza nikaliangalia. Pindo la chini lilishonwa kwa uzi mweusi mpya kwenye kitambaa cha bluu kilichopauka, na matundu ya kamba ya kiuno yamekatwa nusu. Lilikuwa refu, mtu akalipunguza ili liende na fasheni.

Ndiyo maana hapa sizungumzii rangi wala uzito. Nazungumzia kiuno cha nyuma. Kaa juu ya pikipiki yako, shika usukani, mwenzako akuangalie mgongoni. Ngozi ikionekana, usinunue.

Katika nguo za safari ya pikipiki, namba moja kwangu, na sibishani na mtu, ni jinzi ya Wrangler 13MWZ. Inatokana na jinzi iliyobuniwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wapanda farasi wa Marekani, watu wanaoshinda wamekaa kama sisi. Kiuno chake kinakaa juu, kwa hiyo hata jaketi likipanda bado umefunikwa. Vibati vya mifukoni ni bapa visikwaruze tandiko, na tangi langu halijapata mchubuko. Ukiipiga pasi ukavaa na shati jeupe, unaingia nayo kwenye kikao cha harusi jioni ile ile. Soma lebo ya ndani uone namba hiyo, maana Wrangler nyingine zina kiuno kifupi. Ni ya kiume. Dada zangu, chukueni inayowatosha mapajani, fundi apunguze kiuno.

Namba mbili ni parka, koti refu lenye kofia, inayofunika makalio, yenye kamba ya kiuno na bitana inayotoka. Alfajiri ya Julai Dodoma ni nyuzi 14 hivi, lakini saa saba mchana utataka bitana iwe begini. Za kijani za kijeshi zina urefu mzuri kweli, ila ziache. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare za jeshi hilo. Usitafute kesi barabarani kwa sababu ya koti.

Namba tatu ni shati la mikono mirefu lenye mkia mrefu, ulichomekee. Mawili yanatosha safari ya wiki nzima, unafua usiku, asubuhi limekauka.

Vijaketi vya elfu 10 vyenye lastiki kiunoni, hapana. Lastiki ikipanda haishuki.

Kinachoniuma ni wauzaji. Belo linafunguliwa, makoti marefu yanapelekwa kwa fundi yakakatwe, kisha bei inapanda kwa sababu eti sasa ni ya kisasa. Ukiomba kukaa nalo juu ya pikipiki unaambiwa unalichafua. Niliporudisha langu, muuzaji akasema limeshavaliwa. Wiki iliyopita nilipita kwake nikaona mawili mengine yananing'inia, pindo lina uzi ule ule mweusi.