Rolapu iweke data wapi: Ethereum au Celestia?

Rolapu (rollup) ni mtandao unaofanya kazi juu ya mnyororo wa bloku (blockchain): hukusanya miamala mingi, huitekeleza nje ya mnyororo mkuu, kisha huchapisha data yake mahali ambapo yeyote anaweza kuihakiki. Kwa miaka mingi gharama kubwa ilikuwa hapo pa kuchapisha.

Rolapu za Arbitrum One na Base hutumia Ethereum, mnyororo mkuu wanaoutegemea. Kabla ya Machi 13, 2024 data iliandikwa ndani ya muamala wa kawaida na kubaki humo daima. Sasa huwekwa kwenye blobu, yaani vifurushi vya data vya muda, za kilobaiti 128 zinazofutwa baada ya siku 18 hivi. Ada ilishuka sana. Na wathibitishaji (wanaohakiki na kukubali bloku) walewale wanaolinda fedha ndio wanaolinda data, jambo ninalolithamini kuliko bei.

Celestia, iliyozinduliwa Oktoba 31, 2023, ni mnyororo mwingine usiotekeleza mikataba mahiri (programu zinazojiendesha kwenye mnyororo): hupanga data tu na kuhakikisha inapatikana. Nodi nyepesi, yaani kompyuta zinazohakiki bila kuhifadhi kila kitu, huchukua sampuli chache bila kupakua bloku nzima, hivyo nafasi inaweza kukua na bei ikapungua. Rolapu ya Manta Pacific ilihamia huko. Ila sasa unaamini kundi la pili la wathibitishaji.

Kwa mchezo wa mtandaoni ningechagua Celestia. Kwa akiba za watu, Ethereum, hata ada ikizidi kidogo.