Mkaa wa mathenge wa Marigat: moto safi, gunia lina ujanja

Mkaa wa mtaani hapa Nakuru umenichosha, unawasha jiko saa kumi, ikigonga kumi na moja ugali bado mbichi na jiko limebaki majivu. Sasa mwezi jana nikitoka Kabarnet nikasimama Marigat, kulekule Baringo, pale magunia yamepangwa kando ya barabara, nikachukua moja la mathenge, ule mti wa miiba, bei karibu nusu ya mjini.

Moto wenyewe aisee. Mkaa mzito, ukigonganisha vipande vinalia kama chuma, kushika unachelewa kidogo lakini ukishashika basi. Nilichemsha githeri toka mwanzo, mahindi makavu na maharagwe, jiko moja bila kuongeza, na makaa yakabaki ya kupasha chai. Moshi karibu hakuna. Cheche zipo, watoto wakae mbali.

Lakini si githeri iliyonifanya niandike. Nilimuuliza mama aliyeniuzia hii miti mnakata wapi, akanyoosha mkono tu, "mwanangu, ule pale ni mto." Mimi naangalia naona kichaka! Anasema akiwa msichana palikuwa mchanga mtupu, wanachimba maji, mbuzi wanavuka. Mathenge ililetwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 80 ili watu wapate kuni na jangwa lisisogee, na kuota imeota, tena kupita kiasi. Mbuzi anakula yale maganda matamu, mbegu inatoka nzima kwa kinyesi, mvua ikija maji yanaisomba mpaka mtoni, inabaki kwa mchanga wenye unyevu, inaota. Miti ikisimama inashika tope, juu ya tope inaota mingine, njia ya maji inakonda mwaka baada ya mwaka, halafu mafuriko yakishuka mto hauna pa kupita, unaingia kwa mashamba na maboma ya watu. Na yale maganda yanaharibu meno ya mbuzi, ndio maana Wailchamus, wenyeji wa huko Baringo, waliishtaki serikali na mbuzi kibogoyo akapelekwa kortini Nairobi, watu wakacheka, ila mbuzi bila meno anakufa njaa na majani yapo.

Basi nikajiona shujaa, nanunua mkaa nafungua mto. Kumbe nusu tu. Ukikata mathenge juu juu na panga unachipua pale kwa kisiki, matawi mengi kuliko mwanzo. Lazima uchimbe ung'oe kisiki na mzizi wake, kazi ya jembe na jasho, na ile miiba inatoboa tairi sembuse ndara. Mama anasema yeye anang'oa, ila wengine wanaacha visiki makusudi ili warudi kuvuna palepale. Kibiashara nawaelewa kabisa, mto ndio hauelewi.

Malalamiko sasa. Robo ya chini ya gunia ilikuwa chenga na vumbi, juu wamepanga vipande vizuri kama nyanya za sokoni. Na kama unabeba magunia mengi ulizia kibali cha kusafirisha kabla hujapakia, mkaa barabarani una maswali mengi.

Moto naupa tano kwa tano, gunia tatu. Nitarudi kwa huyo huyo mama anayeng'oa visiki hata akiongeza mia, ila safari hii gunia tunalimwaga chini wote tukiangalia ndio nitoe pesa.