Makao ya wazee ya parokia, Kigoma: mezani pazuri, bafuni shika ukuta

Makao haya madogo yanayotunzwa na parokia tunayapa nyota nne kati ya tano. Chakula ndicho kinachoyabeba. Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, huchemshwa, huchambuliwa miiba kwa mkono palepale jikoni, kisha hurudishwa kwenye mchuzi wenye mawese kidogo tu, ili hata babu asiye na meno ale bila kusaidiwa. Dagaa hutwangwa hadi wawe unga wa kutia kwenye uji wa asubuhi. Kwanza huoshwa mara tatu na kuanikwa tena, maana waliokaushwa mchangani ufukweni hubaki na chembechembe.

Vyumba ni vya vitanda viwili, neti nzima. Kasoro ni bafu: saruji imesuguliwa mpaka inateleza, na hakuna chuma cha kushikilia. Bomba la inchi moja na nusu, usawa wa nyonga, fundi analifunga kwa siku moja. Kwa nini halijafungwa? Hatuelewi.

Jumuiya ndogondogo za waumini hupokezana kila Jumamosi kufua na kukata kucha. Misaada, lakini, huja kwa mkupuo: Krismasi sukari na sabuni mpaka stoo inafurika, Machi hakuna nepi hata moja. Mpigie matroni kwanza, uulize kinachopungua.

Bibi akikukaribisha karanga zake, pokea kwa mikono miwili. Ndiyo shukrani yake, usimrudishie. Nenda kati ya saa 9 na saa 11 jioni. Kabla ya hapo wamelala.