Beji ya Argyll: usiangalie taji, geuza mgongo

Niaje wadau, karibuni tena mezani kwangu, leo nina kitu kimoja tu, subirini kamera itulie kidogo... haya, hiki hapa. Hii ni beji ya kofia ya Argyll and Sutherland Highlanders, rejimenti ya Waskoti, na kama unaiona kubwa sio kamera inakudanganya, hii ndo ilikuwa inajulikana kama beji ya kofia kubwa kuliko zote jeshi la Uingereza.

Cheki hapa katikati. Huku kushoto kichwa cha nguruwe mwitu, huyo wa Argyll, huku kulia paka mwitu wa Sutherland, na kati yao herufi L mbili zimesokotana. Hizo L ni za Princess Louise, binti wa Malkia Victoria, aliolewa huko kwenye familia ya Duke wa Argyll mwaka 1871, sasa ilipofika 1881 rejimenti ya 91 ya Argyll na ya 93 ya Sutherland zikaunganishwa yeye ndo akaichora beji, kila upande ukapewa mnyama wake, nani atalalamika hapo.

Sasa watu wanapopigwa ni hapa kwenye taji. Beji nyingi za Uingereza unakadiria umri kwa taji, la enzi za wafalme limeviringa juu, la Elizabeth limebonyea katikati. Kwenye hii ujanja huo haufanyi kazi kabisa, hili ni taji la Louise mwenyewe, wafalme wamekuja wameondoka lenyewe lipo vile vile. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni ya vita ya kwanza ya dunia, angalia taji", we muage tu kwa amani.

Geuza mgongo. Ya kweli imegongwa kwa mashine, so kilichotokeza mbele huku nyuma kimeingia ndani, unaona shimo la pua ya nguruwe? Kuna feki zimemiminwa, mgongo bapa, una vipele vipele kama uji ulioshika donge. Na hivi vitanzi viwili vya kupitishia pini, vikiwa na gundi mpya, kimbia.

Yangu nimelipa paundi 15. Mbele imefutika, paka kabaki bila macho, ila nyuma mistari bado mikali, maana yake kuna askari aliisugua miaka na miaka. Ingefifia pande zote mbili ningeshuku ni kopi. Na sio fedha jamani, ni shaba na nikeli, acheni kuulizia bei ya gramu.

Tangu 2006 rejimenti nyingi za askari wa miguu za Skotilandi, na hii ikiwemo, zimekuwa moja, beji moja, simba juu ya msalaba wa Mtakatifu Andrea. Nzuri, ila mimi hainishiki.

Wanaoniomba ya Black Watch, rejimenti nyingine ya Waskoti, wale waliokuja Kenya 1953 kipindi cha Mau Mau, ninayo. Ile inataka video yake, na sio ya kucheka cheka.