Kipimo cha moyo kwa dawa ya mionzi: picha safi, ankara ya mashaka

Mwezi uliopita nilimvusha baba yangu kutoka Unguja kwenda kufanyiwa kipimo cha moyo katika hospitali moja ya binafsi nje ya visiwa vyetu. Jina la hospitali naliacha. Kuhusu madaktari na mafundi wa kamera sina neno, bali nataka kukieleza kitengo chao cha malipo.

Dawa aliyodungwa ni teknetiamu-99m iliyofungwa na sestamibi, ambayo huingia kwenye misuli ya moyo na kuonesha sehemu isiyopata damu ya kutosha. Mionzi yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, hivyo dozi iliyotayarishwa asubuhi haiwekwi akiba hadi kesho. Karani alituonya mapema, kwa heshima, kwamba tukichelewa na boti, au mzee akinywa kahawa siku moja kabla, kwa kuwa kahawa huizuia dawa nyengine, ile ya kutanua mishipa inayotumika kuushughulisha moyo, dozi itaharibika na tutailipia vile vile. (Kumnyima mzee wa Kizanzibari kahawa ya barazani kutwa nzima ni kazi nyengine, lakini tuliiweza.)

Kasoro ilikuja kwenye ankara. Kwa kawaida hutumika dozi mbili, moja moyo ukiwa umetulia na nyengine ukiwa umeshughulishwa. Baba alianzwa na hii ya kushughulisha, picha zikatoka safi, na daktari akasema ya pili haina haja. Hata hivyo tulidaiwa dozi mbili, chini ya mstari ulioandikwa "dawa" tu, bila jina wala kiasi. Nchini Marekani sestamibi ina msimbo wake wa malipo, A9500, unaohesabiwa kwa dozi, ilhali thaliamu-201, dawa nyengine ya mionzi ya kupimia moyo, yenye msimbo A9505, huhesabiwa kwa kila milikuri, yaani kizio cha kupimia mionzi. Asiyejua amedungwa ipi hawezi kuihakiki hesabu yake. Mimi sikudai misimbo. Nilitaka jina la dawa, kiasi na saa ya kudungwa, mambo ambayo fundi alikwisha kuyaandika kwenye fomu yake.

Niliomba nakala ya fomu hiyo, nikaiweka mezani kando ya ankara, na karani akaifuta dozi ya pili bila ubishi, ingawa fedha zenyewe zilirejeshwa baada ya siku 9. Nawapa nyota 3 kati ya 5. Ya nne nitaiongeza siku ankara yao itakapotaja dawa kwa jina.