Nikon D3500, DSLR yangu ya kwanza

Miaka mingi nilipiga picha kwa simu, na binti yangu akikimbia nilibaki na ukungu tu. Sasa nina Nikon D3500, kamera ya DSLR (ya kidijitali, yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha), ile iliyotoka mwaka 2018, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kilichonishika kwanza ni kuchungulia kwenye kitundu chake: unaona mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi na kuakisiwa na kioo, si skrini. Ukibonyeza, kioo kinaruka, klak! Picha imenaswa.

Jioni moja nilimpiga picha binti yangu akisuka nywele za mdoli karibu na dirisha. Lenzi ya milimita 35, tundu la kuingiza mwanga likiwa wazi sana, f/1.8. Kope zake zinahesabika moja moja, na pazia nyuma yake limelainika kama moshi. Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa.

Na betri, jamani! Kiwandani wanataja picha 1,550 kwa chaji moja; mimi hata sikumbuki chaja iko wapi. Ila mwili wake hauna mota ya fokasi (ya kulenga ili picha iwe kali), kwa hiyo chagua lenzi za AF-S au AF-P, zenye mota yake ndani. Anayetaka video zenye sauti safi atafute kamera nyingine, hii haina pa kuchomeka kipaza sauti.