Giethoorn kwa siku moja: fika asubuhi, na usikae kwenye boti tu

Wengi wetu tukifika Uholanzi tunaishia Amsterdam, tunapiga picha za mifereji, basi. Ukiwa na siku ya ziada, nenda Giethoorn, mkoani Overijssel. Unapanda treni hadi Steenwijk, kwa kawaida kwa kubadilisha njiani, kisha basi kutoka nje ya stesheni. Kadi ya benki inatosha: iguse kwenye mashine ukipanda, na usisahau kuigusa tena ukishuka.

Sehemu ya zamani ya kijiji haina barabara ya magari. Kuna maji, njia ya miguu, na madaraja zaidi ya 170, mengi yakiishia mlangoni kwa mtu. Uzuri huu ulitokana na kazi ngumu. Wakazi wa zamani walichimba mboji ya kinamasi (peat), yaani mabaki ya mimea iliyooza ambayo yakikauka huwaka, wakaikausha na kuiuza kama kuni, na mifereji ndiyo iliyokuwa njia ya kuisafirisha. Walipochimba kupita kiasi, mashimo yakajaa maji yakawa maziwa. Mimi nilifurahi kulijua hilo kabla ya kufika, maana kila mfereji niliopita niliuona kwa jicho jingine.

Nilikodi boti ya umeme kwa saa. Leseni haitakiwi; unaonyeshwa usukani na namna ya kupishana, unaondoka. Mota haisikiki kabisa, unasikia bata na maji yakigonga ukingo. Mapaa ndiyo yaliyoniteka. Yameezekwa kwa matete, na ukipita karibu unaona unene wake pale kwenye upenu, matete yamebanwa na kukatwa sawasawa utadhani yamepigwa randa. Mimi niliyekulia chini ya makuti najua mvua inavyotafuta tundu, kwa hiyo kazi ile naivulia kofia. Matete bado yanavunwa kwenye hifadhi ya Weerribben-Wieden inayopakana na kijiji.

Kuanzia saa sita mchana mambo hubadilika. Mabasi ya watalii yanashusha watu, mfereji mkuu unajaa, boti zinagongana na wengine wanapayuka chini ya madirisha ya wenyeji. Hizi ni nyumba za watu, jamani. Niliona mgeni amevuka daraja la mtu na kuingia bustanini kupiga picha, na iliniuma. Kibao cha kukataza kilikuwa pale pale.

Kwa hiyo anza na boti saa tatu au saa nne asubuhi, kisha irudishe utembee kwa miguu kuelekea kusini, mbali na mikahawa, ambako watu hupungua. Pitia pia makumbusho ya 't Olde Maat Uus, nyumba ya mkulima inayoonyesha maisha ya zamani. Ukibahatika utaona punter, mashua nyembamba ya mbao, ikisukumwa kwa upondo.

Natoa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya msongamano wa mchana, na kama safari yako inaangukia wikendi ya kiangazi, isogeze hadi siku ya kazi.